Mwalimu wa Viti Viwili

Bwenini, 12 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Najua barua huanza kwa hali, na hali nitaifikia, lakini hili nisipoliandika sasa nitalimeza tena. Kwenye usaili wa chuo hiki cha uigizaji sikuingia mimi. Uliingia wewe.

Sijamwambia mtu, hata Bibi. Walimu watatu walikaa nyuma ya meza ndefu, wakaniambia nianze, ulimi ukaniganda. Unanijua. Mimi hata nikitumwa chumvi dukani narudi mikono mitupu kwa kuona haya kumwita muuzaji. Basi nikakukumbuka ukimsomea Bibi gazeti kibarazani nilipokuwa mdogo: mkono wa kushoto chini ya mbavu, kidevu chini kidogo, na ile pumzi unayoivuta kabla ya neno la kwanza kana kwamba unanusa chungu kilichoko jikoni. Nikasimama hivyo hivyo. Sauti iliyotoka haikuwa yangu. Wakanichukua, na sasa kila mtu anangoja niirudie. Najiona kama mwizi aliyevaa gauni la mwenye nyumba, halafu mwenye nyumba anasifiwa mbele yake.

Hali zetu ni nzuri. Bibi mguu umepungua uvimbe, ila mdomo wake haujapungua kitu. Baba yuko safarini na lori kama kawaida, ndiyo maana kwenye daftari la chuo mlezi wangu ameandikwa Bibi. Nilipomwambia Baba nimepata nafasi hapa aliiacha chai ikapoa, kisha akasema, "Nenda. Ila wakikuuliza, huna shangazi." Nikadhani anakuonea haya kwa kuacha kazi. Anwani yako nimepewa na Bibi kwa siri. Naomba majibu umtumie yeye, ataniletea siku za wageni.

Sasa walimu. Hapa kuna desturi, labda ilikuwepo hata enzi zako. Wiki ya kwanza kila mwalimu hupanda jukwaani na kuonyesha kazi aliyoifanya kabla ya kufundisha, bila kujieleza. Mwalimu wa sauti alikuwa akinadi bidhaa sokoni kwa kipaza sauti. Alituuzia ndoo ambazo hazipo, na wenzangu wawili wakainua mikono kununua. Mwalimu wa mwendo alikuwa trafiki. Alisimama katikati ya ukumbi akapunga mkono mmoja, tukagawanyika kama magari. Mwalimu wa vipodozi alikuwa akiwapamba maiti mochwari. Alimlaza mwenzetu mezani na kuanza kumpaka poda, na yule alipocheka akamwambia, "Tulia. Wateja wangu wa zamani hawakuwa na tabia hiyo." Mbavu sina.

Wa mwisho alikuwa mwalimu wa uigizaji, tunayemwita Mzee Taratibu. Aliweka viti viwili vikitazamana, akamwita msichana wa mstari wa mbele, akamuuliza, "Umekula?" Basi. Akauliza tena, kwa upole, vitu vidogo vidogo. Hata hatujajua kimetokea nini, yule dada anatokwa machozi na kueleza habari za kaka yake ambazo hakuna aliyemuuliza. Kila akikwama, mzee anasema, "Taratibu, hatuna haraka." Tulipiga makofi. Nilipiga na mimi, lakini niliacha kabla ya wengine.

Ukutani kwenye korido kuna picha za walimu wote na historia zao chini yake. Yake inasema aliigiza, kisha "utumishi mwingine," kisha akafundisha. Wewe ulifundisha hapa, shangazi. Unamfahamu? Inasemekana ndiye atakayekuwa mkuu wa chuo.

Mimi mtoto wa kaka yako.


10 Machi

Mwanangu Kimya,

Marahaba, marahaba, na nyingine kumi za miaka ambayo hukuniamkia. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda nayo kazini ndani ya mfuko wa sare. Eti umenivaa kama gauni! Ungeniuliza kwanza, ningekuambia linabana mabegani.

Mimi mzima. Nafanya kazi mapokezi katika hospitali. Sauti niliyowafundishia watu kujaza ukumbi sasa inaita wagonjwa: "Wa mguu, chumba cha pili! Wa jino, subiri!" Wazee wananipenda kwa sababu wananisikia. Jioni naosha soksi, naongea na dirisha. Si maisha mabaya. Mwambie Bibi aache kujitia ujana, mguu auweke juu ya mto.

Walimu wako wamenichekesha. Huyo wa vipodozi mshike sana. Aliyezoea kuwahudumia wasioweza kumsifu huyo ni fundi wa kweli.

Kuhusu huyo wa viti sina la kusema. Chuo kimebadilika, watu wamebadilika, na mimi nimesahau mengi. Kaa mistari ya nyuma tu.

Na lile la kuniigiza, acha. Si kwamba nimekasirika. Acha tu. Tafuta namna yako ya kusimama, hata kama ni ya kuinamisha kichwa, nitaipenda hivyo hivyo.

Nina swali dogo, la udadisi wa kizee. Akikaa kwenye hivyo viti, glasi ya maji huiweka upande gani? Na huinywa nani?

Shangazi yako.


Bwenini, 28 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Bibi anasema mguu uko juu ya mto ila yeye mwenyewe yuko sokoni. Baba alipita siku moja, akaniletea sabuni na kuniuliza kama nakula. Niliruka, shangazi. Siku hizi mtu akiniuliza kama nimekula natafuta mlango ulipo.

Nimeisoma barua yako chooni mara nyingi mpaka mikunjo inakatika. Mimi sikuandika habari za maji. Nimeitafuta barua yangu kichwani, neno kwa neno, na sikuyaandika. Ulijuaje?

Ni kweli, kuna glasi. Anaiweka upande wako, karibu kabisa na mkono, hata unadhani amekukaribisha. Halafu anakunywa yeye. Anakunywa polepole, anairudisha palepale, na wewe koo limekukauka. Kingine ni lugha. Anaanza kwa lugha ya darasani, ile ya kigeni tuliyoisomea, na ndani yake mtu unaweza kujificha kidogo, unachagua maneno. Anapoona umetulia anakurukia kwa Kiswahili, kama mjomba aliyekukuta njiani. "Ehe, mama, kwani nyumbani kukoje?" Hapo ndipo wote wanapovunjika. Nimetazama wengi sasa.

Nilijaribu kuacha kukuigiza. Nikisimama kama mimi sauti haifiki hata kwenye pazia. Jumanne nilipewa kipande cha kusoma na woga ukanizidi, mkono ukaenda wenyewe chini ya mbavu. Mzee Taratibu alikuwa amekaa nyuma, anasahihisha. Akainua uso.

Baadaye alinikuta nakunja mapazia. "Binti, nani alikufundisha kuweka mkono hapo?"

"Hakuna, mwalimu."

"Hapo panafundishwa," akasema, na akatabasamu kama mtu aliyekutana na harufu ya nyumbani kwao. "Wewe ni wa nani?"

Nikataja jina la Baba. Akalirudia polepole kama analionja, akaenda zake. Nashukuru jina la ukoo si lile ulilotumia jukwaani. Lakini kwa nini nashukuru? Ninaogopa nini? Niambie ili woga wangu ujue pa kukaa.

Kila wa mwaka wa kwanza lazima akae kwenye kile kiti kabla muhula haujaisha, darasa zima likitazama. Ni mtihani. Zamu yangu ni Juni.

Mimi.


Bwenini, 5 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Bibi alikuja siku ya wageni bila barua. Nilimpekua mpaka kikapu, akaniuliza kama nimekuwa askari wa forodha. Labda posta. Labda uko kazini sana. Naandika hii bila kungoja.

Mzee Taratibu ametangazwa rasmi kuwa mkuu kuanzia Julai. Wanapaka rangi korido kwa ajili ya sherehe. Tulipoteremsha picha za walimu ili ukuta uoshwe, niliona kati ya picha mbili kuna mraba uliopauka, kama mahali palipowahi kukaa picha nyingine. Nilikuwa na mwalimu wa vipodozi, tunaosha sponji kwenye karai. Akaniona nikiangalia.

"Palikuwa na mwalimu wa kike pale," akasema. "Wanaomkumbuka wanasema alisimama kama wewe."

"Aliondoka?"

"Katikati ya muhula. Chaki yake mezani, mwavuli wake mlangoni."

"Alikwenda wapi, mwalimu?"

Akaikamua sponji mpaka ikawa kavu. "Mwanangu, miaka hiyo mimi nilikuwa bado mochwari. Wenzake wawili niliwapamba kwa mkono wangu huu, na kazi ilikuwa kubwa. Yeye hakuletwa. Hilo ndilo ninalolijua, na hilo sijakwambia."

Tukaendelea kuosha.

Nilipopita huku nyuma nimebeba karai, Mzee Taratibu alikuwa mlangoni pa ofisi. "Na shangazi zako wako wangapi?" akaniuliza, hivyo tu, kama mtu anayeuliza saa. Nikasema sina. "Kila mtu ana shangazi," akasema, akacheka, akanifungulia mlango ili nipite.

Tafadhali jibu. Hata neno moja. Hata uniambie natia chumvi.

Mimi.


20 Mei

Mwanangu,

Hutii chumvi. Nilizipata barua zako zote mbili na mara nyingi nimekaa na kalamu nikainuka. Nilidhani nikinyamaza ataona huna kitu. Hilo ndilo kosa nililolifanya hata wakati ule, kudhani kimya ni mlango uliofungwa.

Vile viti viwili ni vyangu. Nilibuni zoezi hilo nikiwa mwalimu kijana, ili kuwafundisha wanafunzi kusikiliza. Uliza kitu kidogo, kaa kimya, msikilize mwenzako mpaka ajione salama. Naye alikuwa mwanafunzi wangu, bora kuliko wote niliowahi kuwa nao. Aliigiza misimu michache, akapotea. Tukasikia ameajiriwa katika ile ofisi isiyo na kibao mlangoni. Tulimtania, tukasema huko watapata mtu wa kuwachekesha.

Kisha sisi walimu watatu tukaandaa mchezo ambao wakubwa wa serikali hawakuupenda. Tukaitwa huko mmoja mmoja. Chumba kilikuwa na meza, dirisha lililopakwa rangi, na viti viwili vinavyotazamana. Aliingia na glasi ya maji, akaniamkia kwa heshima zote. "Shikamoo, mwalimu. Umekula?"

Nikaitikia marahaba. Mpaka leo neno hilo likinitoka kwa mtu mwingine naona aibu.

Wenzangu hao mwalimu wako wa vipodozi amekueleza walikoishia. Mimi nilitoka. Jinsi nilivyotoka siandiki, kwa sababu aliyenitoa yu hai na ana watoto. Nilichosema nikiwa kwenye kile kiti pia siandiki. Usiniulize.

Uliniandikia kwamba kila mwalimu hapo alionyesha kazi yake ya zamani. Naye alionyesha yake, mbele yenu wote, na mkapiga makofi.

Sasa elewa hili vizuri. Anakuwa mkuu. Atapewa hotuba na picha kubwa, na historia yake itaandikwa upya bila hata lile neno "utumishi mwingine". Walioketi mbele yake hawapo. Nimebaki mimi, na hajui nilipo. Hakutafuti wewe, mwanangu. Wewe ni kamba anayoivuta aone mwishoni kuna nini.

Usikae kwenye kile kiti. Jitie ugonjwa, zirai, vunja kidole. Ondoka uende kwa Bibi kabla ya Juni. Barua zangu zichome.

Shangazi yako.


Stoo ya mavazi, 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Bibi ameniletea barua yako leo asubuhi. Ilikawia njiani. Nilishakaa kwenye kiti jana.

Acha nikueleze haraka. Mwalimu wa vipodozi atakuja kuchukua mawigi saa kumi, na amekubali kuipeleka hii posta bila kuuliza ni ya nani.

Niliamua kuingia kama mimi. Nikaweka mikono mapajani, kichwa chini, sauti ndogo. Nilidhani hatakuona. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akaniuliza bweni lina joto, kitanda cha juu au cha chini, nani ananisuka. Kwa lugha ya darasani, nikamjibu vifupi vifupi, nikaanza kuamini nitapona. Akanywa maji. Akarudisha glasi kando ya mkono wangu. Kisha, kwa Kiswahili, kama mtu wa nyumbani kabisa:

"Shangazi yako hajambo?"

Nikasema sina shangazi.

"Huna, au hayupo?"

"Hayupo."

"Hayupo hapa, au hayupo duniani?"

Wenzangu nyuma yangu walidhani ndilo zoezi. Nikasema umefariki. Nisamehe. Niliona nikikufukia hatakufuata tena.

Shangazi, macho yake yalijaa machozi. Ya kweli, yanamtiririka. Akaishika mikono yangu miwili, mikono yake ina joto na ni laini kama ya daktari. "Pole sana, mwanangu. Nilimpenda mno. Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu." Akangoja. Kimya kile! Nilikuwa nakisikia kinanivuta kama mtu anayevuta uzi kwenye sweta. Kisha akauliza taratibu, "Alizikwa wapi?"

Sikuwa na mahali. Nilifungua mdomo, na kilichokuwa tayari kwenye ulimi, shangazi, ni anwani yako. Mtaa, namba ya nyumba, vyote. Nimeiandika juu ya bahasha mara nyingi mno, ikawa kama sala. Nilihisi herufi ya kwanza imefika kwenye meno. Nikauma ulimi mpaka damu ikatoka, nikainama. Darasa likadhani ninalia.

"Inatosha kwa leo," akasema. "Tutaendelea wiki ijayo. Hatuna haraka."

Walisimama kunipigia makofi. Yule dada aliyelia siku ya kwanza alinikumbatia, "Umetuua! Hata mimi sikukufikia!" Nimepewa alama za juu kuliko wote. Mwalimu wa sauti amesema hatimaye nimeipata sauti yangu. Mwalimu wa vipodozi peke yake hakupiga makofi. Alikaa ameikunja mikono kifuani akimtazama mzee.

Unaniambia nikimbilie kwa Bibi. Siwezi tena. Leo baada ya Bibi kuondoka nimeitwa ofisini, nimekuta daftari la wanafunzi liko wazi kwenye ukurasa wangu. Anataka mlezi wangu aje amtembelee, au aende yeye kumpa pole ya msiba. "Bibi yako lazima ana majonzi," akasema. Nikikimbilia huko nitakuwa nimemwonyesha njia kwa kidole. Na Bibi hajui kudanganya, akiulizwa na mtu mpole mwenye machozi atampa chai, kisha atampa kila kitu. Nimekwisha kumtuma jirani yetu wa nyumbani, mlinzi aliyetoka zamu ya lango hapa, amwambie Bibi aende kwa binamu zake leo hii, na barua zako alizonazo azitie motoni. Nilizokuwa nazo mimi nimezichoma kwenye pipa la takataka za rangi.

Mimi nitabaki. Nikitoroka atajua kuna kitu. Nikibaki mimi ni mwanafunzi wake bora, na atataka kuendelea kuniuliza, na nitamjibu. Nimewaza usiku kucha jinsi ya kumshinda kwa uigizaji, na nimeona siwezi. Hakuna mtu anayeweza kuigiza kwamba hajui mbele yake. Kwa hiyo inabidi nisijue kweli.

Hama, shangazi. Hama wiki hii hii, acha hata soksi kwenye kamba. Usimwambie Bibi unakokwenda, wala Baba, wala mimi. Usiniandikie, hata kadi isiyo na jina. Ukiweza, yaseme yaliyotokea kwenye kile chumba kwa mtu atakayeyaandika, mbali na huku, kabla ya sherehe ya Julai. Usipoweza, sitakulaumu. Ila hama. Akiniuliza tena uko wapi, nataka atafute kichwani mwangu kote na asikute kitu. Nyumba tupu, bila hata msumari.

Najua maana yake kwetu sisi wawili. Nimejikaza kuiandika sentensi hiyo na machozi yamenishinda, ndiyo maana wino umetawanyika hapo juu, usidhani ni mvua.

Kuna mtu kwenye ngazi. Saa kumi bado, na mwalimu wa vipodozi hupiga mluzi akipanda. Huyu hapigi. Amesimama mlango wa kwanza, anajaribu kitasa. Sasa anakuja huku. Naikunja bila sahihi, naisokomeza kwenye bitana ya koti la askari, la tatu kutoka dirishani, mwenye mawigi anajua pa kupapasa.

Hama.